Miguu Inapokufa Ganzi Ghafla: Lupus, Uti wa Mgongo na Dawa Unazonunua

Makala hii inahusu tatizo ambalo halitokei kila siku, lakini likitokea halina subira. Mtu anaamka asubuhi akiona miguu yote miwili ni mizito. Kufikia jioni hawezi kusimama bila kushikwa, kiuno kimekufa ganzi, na mkojo hautoki ingawa kibofu kimejaa. Miongoni mwa vyanzo vya hali hiyo ni mchochota wa uti wa mgongo unaoletwa na ugonjwa uitwao lupus.

Tumeona vyema suala hili liingie katika kijitabu cha watumiaji wa dawa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba miguu inapoanza kufa ganzi, wengi wetu huelekea kwanza duka la dawa, na saa zinazopotea hapo hazirudi. Ya pili ni kwamba dawa zinazotibu ugonjwa huu ni zilezile ambazo hununuliwa kiholela, hukatishwa ghafla au hufichwa ndani ya bidhaa zisizotaja kilichomo. Mambo haya mawili yako ndani ya uwezo wa mtumiaji mwenyewe kuyabadilisha.

Ili maelezo yasielee hewani, tutaitazama safari ya mgonjwa anayeishi Misugusugu, kata iliyo kando ya Barabara ya Morogoro katika Mji wa Kibaha, Mkoa wa Pwani. Mkazi wa hapo ana barabara ya lami, ana maduka ya dawa, na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Tumbi, iko kwenye barabara hiyohiyo. Kwake yeye umbali si kikwazo kikubwa. Anachohitaji ni kutambua mapema kwamba dalili alizonazo ni za hospitali.

Lupus ni ugonjwa gani?

Mwili wa binadamu una askari wake, yaani kinga, ambao kazi yao ni kupambana na vijidudu. Katika lupus askari hao hupoteza shabaha, wakaushambulia mwili wenyewe. Mahali wanaposhambulia hupatwa na mchochota: panavimba, panauma na, hali hiyo ikidumu, panaharibika. Kwa kuwa kinga huzunguka mwili mzima, lupus inaweza kugusa ngozi, viungo, figo, mapafu, moyo, damu, ubongo na mishipa ya fahamu.

Kati ya wagonjwa 10 wa lupus, takribani 9 ni wanawake, na wengi wao huugua wakiwa katika umri wa kuzaa. Watu wenye asili ya Afrika wamo katika makundi yanayopatwa zaidi na ugonjwa huu, na kwa ukali zaidi. Lupus haiambukizwi kwa kugusana, kwa kula pamoja wala kwa kujamiiana. Pia si saratani na si UKIMWI.

Dalili zake za kawaida ni maumivu na uvimbe wa viungo vya mikono na magoti, uchovu usioisha kwa kupumzika, homa za mara kwa mara ambazo kipimo cha malaria hakizielezi, nywele kunyonyoka, vidonda vya mdomoni visivyouma sana, na upele unaotanda mashavuni na juu ya pua mithili ya kipepeo aliyekunjua mabawa. Kwenye ngozi nyeusi upele huo unaweza kuonekana kama weusi wa ziada au rangi ya zambarau, na mara nyingi huongezeka mtu anapokaa juani. Kwa kuwa kila dalili peke yake hufanana na ugonjwa mwingine, wapo wanaozunguka kwa miaka wakitibiwa malaria, taifodi na baridi yabisi kabla lupus haijatajwa.

Uti wa mgongo unahusikaje?

Ndani ya pingili za mgongo umepita mkole laini wa mishipa ya fahamu, unene wake ukikaribia wa kidole kidogo cha mkono. Huo ndio uti wa mgongo tunaouzungumzia hapa. Amri zote za ubongo kwenda miguuni, kwenye kibofu na kwenye njia ya haja kubwa hupita humo, na taarifa za maumivu, joto na mguso hurudi kwa njia hiyohiyo. Mchochota ukiupata mkole huo mahali fulani, amri hukwama hapo, na sehemu zote zilizo chini yake hubaki bila mawasiliano.

Hali hii madaktari huiita mielaitisi. Haifai kuchanganywa na homa ya uti wa mgongo, ambayo ni maambukizi ya utando unaofunika ubongo na uti, na ambayo kwa kawaida huja na homa kali, shingo kukakamaa na maumivu makali ya kichwa.

Mielaitisi ya lupus ni adimu. Humpata mtu 1 au 2 katika kila wagonjwa 100 wa lupus. Hata hivyo, kwa baadhi yao ndiyo dalili ya kwanza kabisa ya ugonjwa, kwa hiyo mtu asijipe matumaini kwamba hili halimhusu kwa kuwa hajawahi kuambiwa ana lupus. Mchochota huo hujijenga kwa saa chache hadi siku kadhaa, na muda wa kuuzima kabla haujaacha kovu la kudumu ni mfupi.

Dalili zisizosubiri kesho

Nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, ukiona lolote kati ya haya:

1. Miguu yote miwili inadhoofika au inakuwa mizito ndani ya saa au siku chache, hata kama mguu mmoja umetangulia.
2. Ganzi inayopanda kutoka miguuni na kukoma kwenye mstari fulani wa tumbo au kifua, kama vile mwili umekatwa sehemu mbili.
3. Hisia ya kubanwa kiunoni au kifuani mithili ya mtu aliyefungwa mshipi mkali.
4. Mkojo kugoma kutoka, au kutoka bila wewe kujua. Choo kigumu cha ghafla kikifuatana na ganzi kina maana ileile.
5. Maumivu mapya ya mgongo yanayofuatana na lolote kati ya hayo manne.

Mkojo kugoma ni dalili ambayo watu huidharau, wakidhani ni kwa kuwa mgonjwa hajanywa maji. Kibofu kilichojaa bila kutoa mkojo kinaweza kuumiza figo, na mgonjwa anapaswa kuwekewa mpira wa mkojo na mtaalamu mapema iwezekanavyo.

Kiharusi kwa kawaida hupooza upande mmoja wa mwili na kinaweza kupindisha uso, ilhali mielaitisi hushika pande zote mbili na kuuacha uso salama. Zote mbili ni dharura, kwa hiyo familia isikae nyumbani ikibishana ni ipi kati yake.

Siku nne zilizopotea

Tuchukue mfano wa kufikirika, ambao hauhusu mtu yeyote halisi. Mama wa miaka 28 wa Misugusugu amekuwa akiumwa viungo kwa mwaka mzima, na nywele zake zimepungua. Jumatatu mgongo unamuuma, akanunua vidonge vya maumivu na kurudi kwenye biashara yake. Jumanne ganzi imefika kitovuni. Jirani anasema ni presha, mwingine anasema amekanyaga dawa iliyotegwa njiani. Jumatano hawezi kutembea, na wazee wanaamua aanze kwa mganga. Alhamisi tumbo la chini limejaa kwa mkojo usiotoka. Ijumaa ndipo anapofikishwa hospitali akiwa amebebwa kwenye bajaji.

Katika mfano huu hakuna aliyemtakia mabaya. Jirani alikuwa na huruma, wazee walitimiza wajibu wao kwa kadiri walivyoelewa, na aliyeuza vidonge aliuza alichoombwa. Lakini mchochota ulikuwa ukiendelea siku zote nne. Kama kanuni moja tu ingefahamika katika nyumba ile, kwamba ganzi ya miguu yote miwili ni safari ya hospitali siku ileile, mama huyo angekuwa kitandani Tumbi Jumanne usiku. Dua na ushauri wa wazee vingeweza kumfuata hukohuko wodini bila kuchelewesha tiba.

Kwa nini duka la dawa si mahali pa kuanzia

Maduka ya dawa yana nafasi yake muhimu. Mpango wa Duka la Dawa Muhimu, ulioanzia Mkoa wa Ruvuma mwaka 2003, umewasogezea wananchi wengi dawa za lazima. Lakini hakuna duka lenye uwezo wa kuona ndani ya mgongo, na ganzi ya miguu ina vyanzo vingi vinavyotibiwa kwa njia zinazopingana.

Kifua kikuu kinaweza kula pingili za mgongo na kuubana uti. Kichocho, ugonjwa unaojulikana vizuri katika mikoa ya pwani, kinaweza kupeleka mayai yake kwenye uti na kuleta dalili zilezile. Virusi vya UKIMWI, uvimbe wa saratani na upungufu wa vitamini B12 navyo vimo katika orodha. Anayepewa vidonge vya steroidi dukani kwa kubahatisha anaweza kujisikia nafuu ya siku mbili huku kifua kikuu kikipata mwanya wa kuenea, kwa sababu steroidi huituliza kinga iliyokuwa ikikizuia. Anayepewa vidonge vya maumivu hupungukiwa maumivu, na uti unaendelea kuharibika kimyakimya.

Ndiyo maana prednisoloni na steroidi nyingine za kumeza ni dawa za cheti. Mtoa dawa anayekukatalia dawa hizo na kukuelekeza hospitali amekutendea wema, na hastahili kulaumiwa kwa kuikosa biashara.

Kinachofanyika hospitalini

Ukifika, eleza mambo matatu bila kusubiri kuulizwa: dalili zilianza saa ngapi na siku gani, mara ya mwisho kupata mkojo ni lini, na dawa zote ulizotumia karibuni, za hospitali na za asili. Beba pakiti zake.

Daktari atapima nguvu za miguu na mahali ganzi inapoishia. Kipimo kinachoonyesha uti wenyewe ni MRI. Hospitali ya Taifa Muhimbili, iliyoko Upanga, na Mloganzila, iliyoko kati ya Kibaha na jiji la Dar es Salaam, ni miongoni mwa mahali mgonjwa wa Pwani anapoweza kupelekwa kwa rufaa. Huenda pia akachukuliwa maji ya uti wa mgongo kwa sindano inayochomwa sehemu ya chini ya kiuno. Wengi huiogopa sindano hiyo wakiamini kwamba inapoozesha. Kwa mtu mzima, sindano huingizwa chini ya mahali uti unapoishia, na maji yanayopatikana humsaidia daktari kutofautisha maambukizi na mchochota wa lupus. Vipimo vya damu na mkojo hutafuta dalili za lupus yenyewe na hali ya figo.

Ikithibitika ni mielaitisi ya lupus, tiba ya kuanzia huwa ni methilprednisoloni kwa njia ya mshipa, mara nyingi gramu 1 kwa siku kwa siku 3 hadi 5. Mara nyingi huongezwa saiklofosfamaidi, dawa kali ya kutuliza kinga. Mwongozo uliotolewa mwaka 2010 na EULAR, jumuiya ya Ulaya ya wataalamu wa magonjwa ya viungo, unasisitiza kwamba dawa hizi hufaa zaidi zikianza mapema, ikiwezekana ndani ya saa za mwanzo.

Baada ya hapo huja kazi ya polepole: mazoezi tiba, kugeuzwa kitandani mara kwa mara ili kuzuia vidonda vya kulalia, na uangalizi wa kibofu. Wapo wanaorudi kutembea kama zamani, wapo wanaobaki na udhaifu kiasi, na wapo wanaobaki na ulemavu. Tiba ya mapema haimhakikishii mgonjwa kupona kabisa, lakini humpa nafasi nzuri zaidi ya kupona.

Dawa utakazorudi nazo nyumbani

Prednisoloni. Daktari ataipunguza dozi hatua kwa hatua. Mwili ukizoea steroidi kwa wiki kadhaa, tezi zilizo juu ya figo hulegea katika kutengeneza steroidi yake ya asili. Ukiiacha dawa ghafla, mwili unabaki mtupu: kutapika, kulegea, shinikizo la damu kushuka na hata kuzimia. Zaidi ya hapo, mwongozo huo wa EULAR unaeleza kwamba mielaitisi hurudi kwa asilimia 50 hadi 60 ya wagonjwa wakati dozi ya steroidi inapopunguzwa, na ndiyo sababu huongezwa dawa nyingine ya kulinda, kama azathioprini. Kwa hiyo kupunguza dozi ni kazi ya daktari. Usiiache kwa sababu uso umejaa au jirani amesema umenenepa. Yaseme hayo kliniki. Pia pimwa sukari na shinikizo la damu, na uwahi hospitali ukipata homa.

Haidroksiklorokwini. Dawa hii huwachanganya wengi kwa sababu ya jina lake. Klorokwini iliondolewa kuwa dawa ya mstari wa mbele ya malaria nchini mwaka 2001, kwa kuwa vimelea vya malaria vilikuwa vimeshaizoea. Haidroksiklorokwini ni ndugu yake, na kwa mgonjwa wa lupus kazi yake ni nyingine kabisa: kutuliza kinga na kupunguza milipuko ya ugonjwa. Mtu akikuambia umepewa dawa ya malaria iliyopitwa na wakati, usiitupe. Dozi hupangwa kwa uzito wa mwili, na macho huchunguzwa mwanzoni na kisha kwa ratiba ya daktari, kwa kuwa matumizi ya miaka mingi yanaweza kugusa sehemu ya nyuma ya jicho. Mwaka 2020, ilipovumishwa kwamba inatibu UVIKO-19, watu katika nchi nyingi waliikimbilia, na wagonjwa wa lupus wakaikosa madukani. Kuhodhi dawa usiyoihitaji ni kumnyima anayeihitaji.

Saiklofosfamaidi na mikofenoleti. Dawa hizi zinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mwanamke anayezitumia azungumze na daktari kuhusu uzazi wa mpango kabla ya kuanza, na asizikatishe kwa siri akitamani ujauzito. Ipo njia ya kupanga ujauzito salama kwa mgonjwa wa lupus, lakini hupangwa mapema pamoja na daktari.

Jihadhari na "dawa ya mifupa" isiyotaja kilichomo

Kwa kuwa lupus huuma viungoni, mgonjwa ni mteja rahisi wa kila chupa inayoahidi kumaliza maumivu ya mifupa. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa maonyo kuhusu bidhaa iliyouzwa kwa jina la Artri King kama kirutubisho cha viungo. Uchunguzi wa maabara ulikuta ndani yake diklofenaki na deksamethasoni, ambayo ni steroidi yenye nguvu, na zote mbili hazikutajwa kwenye lebo. Watumiaji walikuwa wakimeza steroidi bila kujua, na wakiiacha bila kujua.

Funzo kwetu liko wazi. Bidhaa "ya asili" inayoondoa maumivu yote kwa siku moja, inayonenepesha uso na kuongeza hamu ya kula, na ambayo ukiiacha unaugua upya, inafaa kutiliwa shaka. Usiiache ghafla ikiwa umeitumia kwa muda mrefu. Ipeleke pamoja na pakiti yake kwa daktari, akupangie namna ya kutoka salama.

Haki zako na wajibu wako

Una haki ya kuelezwa jina la dawa, sababu ya kupewa, namna ya kuitumia na madhara yanayoweza kutokea, kwa lugha unayoielewa. Una haki ya kupewa risiti. Kagua jina la mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, na usipokee vidonge vilivyofungwa kwenye karatasi isiyo na maandishi.

Ukipata madhara unayoyahusisha na dawa, mweleze mtoa huduma na uitaarifu Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba kupitia ofisi ya kanda iliyo karibu nawe. Taarifa ya mtumiaji mmoja, ikiunganishwa na za wengine, ndiyo inayotuwezesha kuchunguza bidhaa na kuiondoa sokoni inapobidi.

Ikiwa gharama ni kikwazo, usirudi nyumbani kimya. Uliza ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kuhusu utaratibu wa msamaha, na uliza iwapo bima yako inagharimia kipimo ulichoandikiwa. Usigawe dozi nusu ili idumu. Mwambie daktari ukweli kuhusu uwezo wako, akutafutie mpango unaoweza kuufuata.

Mwenye lupus atembee na kadi ndogo au karatasi yenye jina la ugonjwa wake, dawa anazotumia na dozi zake, na mtu mmoja nyumbani ajue ilipo. Wote wanaoishi naye wazijue zile dalili tano, maana siku miguu itakapokataa kusimama, watakaoamua gari lielekee wapi ni wao.